Darasani wananiita Nguzo

Darasani wananiita Nguzo, na jina limenikaa mpaka nyumbani nao siku hizi wanalitumia. Lilianza mwaka wa kwanza, nilikua na tabia (bado ninayo) nikiingia kwenye jengo lolote naangalia kwanza nguzo ziko wapi, bimu (boriti) ipi imelala juu ya nguzo ipi, ndo nakumbuka kusalimia watu. Rafiki yangu mmoja akasema huyu kaja kutembelea nguzo sio sisi, basi likabaki hivo hivo. Ni binti, niko mwaka wa tatu, nasoma uhandisi wa ujenzi yaani majengo, madaraja, barabara, maji na udongo. Watu wengi wakisikia injinia wanafikiria mashine au umeme, nimeshaletewa pasi na redio nitengeneze nikawaambia jamani mimi mambo yangu ni zege na nondo.

Kilichonileta huku ni rafu ya vitabu. Ilikua ubao mmoja mrefu umelazwa juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, na kila ukipita muda ule ubao unazidi kubonyea katikati. Kaka yangu alikua anaugeuza tu juu chini, ule mgongo ukawa umenyanyuka, anarudisha vitabu, baada ya miezi unaanza kubonyea upya upande wa pili. Nilikua na kama miaka 12. Siku moja tukahitaji nafasi ya kupitisha kabati, nikayasogeza yale matofali kwa ndani, ubao ukabaki umechomoza huku na huku, na kule kubonyea kukaisha. Vitabu ni vile vile, ubao ule ule, matofali yale yale mawili! Nikakaa pale chini naangalia, nayarudisha mwisho ubao unabonyea, nayasogeza ndani unatulia, hakuna mtu wa kunieleza kwa nini.

Jibu nilikuja kulipata mwaka wa pili chuoni nikiwa peke yangu na karatasi usiku. Ile sehemu iliyochomoza nje ya tofali nayo ina vitabu, na uzito wake unapouvuta mwisho wa ubao ushuke, kule katikati ubao unanyanyuliwa, kwahiyo pande zinasaidiana. Nikapiga hesabu nikaona ukiyaweka matofali zaidi kidogo ya moja ya tano ya urefu toka kila mwisho, kubonyea kunapungua zaidi ya mara 40 kuliko ukiyaweka mwisho kabisa. Mara 40, kwa kusogeza tofali tu! Nilimpigia kaka yangu usiku ule ule nikamwelezea mpaka akalala na simu sikioni, nadhani hiyo ndo siku niliyojua kwamba niko mahali sahihi.

Ila kabla ya huo usiku nilipata tabu sana aisee, na hapa naomba nikae kidogo maana najua kuna wadogo zangu wanaoanza mwaka wa kwanza wanapitia haya haya. Mimi nilitoka sekondari na hesabu nzuri tu, nikafika nikakuta kila mtu ana hesabu nzuri, alafu spidi ya kufundishwa ni nyingine kabisa. Nikafanya walichofanya wengi, nikakusanya madesa. Pepa za miaka ya nyuma na majibu yake, nazikariri kama mashairi, naona bimu yenye mzigo katikati najua jibu ni hili, yenye mzigo uliosambaa jibu ni lile. Test ya kwanza ya statiki (somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia) mwalimu akaleta bimu ya kawaida ila imekaa kwa kuinama, nikapata 11 kwa 40. Nilijua majibu ya kila bimu iliyolala na sikujua kitu hata kimoja kuhusu bimu.

Kilichonitoa pale ni kitu kidogo, mwalimu wa mazoezi alinikataza kushika kalkuleta kwa wiki mbili. Akasema wewe chora tu. Kila swali chukua kile kitu, kitoe kwenye dunia yake, kichore peke yake kwenye karatasi, alafu kila kilichokua kinakigusa weka mshale. Ukuta unamgusa, weka mshale. Kamba inamvuta, weka mshale. Dunia inamvuta, mshale. Ukimaliza muulize huyo mtu uliyemchora, mbona umetulia? Kama ametulia basi mishale yote imeuana, na hesabu nzima ni hiyo. Nilichora kama michoro 60 bila kutafuta jibu hata moja, na ndani ya zile wiki mbili swali likanibadilika kichwani, badala ya kujiuliza fomula ipi nikaanza kujiuliza mzigo unaenda wapi. Mpaka leo ndo swali langu. Mtu amesimama ghorofa ya nne, uzito wake unaingia kwenye slabu (sakafu ya zege), slabu inaupeleka kwenye bimu, bimu kwenye nguzo, nguzo kwenye msingi, msingi kwenye udongo, na kama kuna mahali huo msafara unakatika basi hapo ndo patatoa taarifa siku moja.

Masomo mengine nitayapitia haraka. Upimaji wa ardhi napenda kwa sababu tunatoka nje, mambo ya barabara nayasoma kwa nidhamu tu, haidroliki ilinisumbua ila siku nilipoona maji yanaruka yenyewe kwenye mfereji wa maabara, yanatoka kasi na kina kifupi alafu ghafla yanapanda na kupunguza kasi, nikaanza kuyaheshimu. Udongo ni mgumu kwa sababu hauchanganyi wewe, unaukuta. Ila mapenzi yangu yote yako kwenye zege.

Zege na mimi tuna historia. Mwaka wa pili tulipewa prakto ya kuchanganya zege la megapaskali 25 (kipimo cha nguvu, yaani linabanwa kiasi gani kabla ya kuvunjika), kundi letu watu watano. Hesabu tulipiga vizuri: saruji kilo 10, maji lita 5 na nusu, mchanga na kokoto zake. Tulitakiwa tupate zege la kutosha kujaza kyubu 6 (vipande vya umbo la dadu) za milimita 150 kila upande na koni moja ya slampu (kipimo cha ulaini wa zege). Kuchanganya kwa koleo ni kazi, mikono inauma, zege linaonekana kavu linagoma kugeuka, mmoja wetu akachukua jagi akaongeza maji kidogo. Likalainika. Akaongeza tena. Hakuna aliyempinga, mimi nilikua nimeshika koleo na nilifurahi kabisa kwamba sasa linageuka. Jumla ilikua kama lita moja na nusu.

Tukajaza koni, ile ya urefu wa milimita 300, matabaka matatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma. Tukainyanyua. Zege likamwagika kama uji, likasambaa kwenye sahani. Mzee wa maabara alikua amekaa kwenye stuli yake anaangalia, akatuuliza swali moja tu, "Maji mmepima?" tukajibu ndio mzee. Akanyamaza. Na kweli tulikua tumepima, kabla ya jagi.

Siku ya 28, umri ambao zege hupimwa nguvu, tukatoa kyubu tatu kati ya zile sita kwenye tangi la maji. Kyubu moja ina kama kilo 8, ukiishika mkononi imelowa na baridi unaona kabisa hii ni jiwe, hamna kitu cha kuivunja hii. Tukaiweka kwenye mashine. Kwa megapaskali 25 kyubu ya ukubwa ule inatakiwa ibebe kilonyutoni 562, yaani kama tani 57, na sisi kimahesabu tulilenga ipite hapo. Sindano inapanda, 200, 300, 400, mimi naihesabu moyoni, ikafika 427 ikasimama, ukasikia mlio kama mtu kavunja ubao mkavu, sindano ikarudi. Megapaskali 19. Ya pili 18 na kidogo, ya tatu 19 tena.

Mmoja akasema kwa sauti ya chini tuandike 26, nani atajua. Nasema ukweli kwamba kwa muda kama wa kuhesabu mpaka kumi nilikubaliana nae moyoni. Kundi la jirani walikua wamepata 31, sisi tunakwenda kusoma 19 mbele ya darasa. Kilichonizuia sio ushujaa, ni kwamba mzee wa maabara aliinuka kwenye stuli akaokota kipande cha kyubu yetu na kipande cha kyubu ya jirani akaviweka mkononi kwangu, kimoja kila kiganja, akasema "Angalia, kijana wangu."

Nikaangalia. Kwenye kipande cha jirani ufa ulikua umepita katikati ya kokoto, umezikata, unaona tumbo la kokoto linang'aa. Kwenye chetu ufa umezunguka kila kokoto, zimechomoka nzima nzima zikaacha vishimo laini kama vya jino lililong'oka. Saruji yetu haikua imezishika. Akanieleza pale pale, kwamba saruji ili ikamilishe kazi yake ya kikemia inahitaji maji kama robo tu ya uzito wake, mengine tunaweka ili zege liweze kuchanganyika na kujaa kwenye fomu (umbo la mbao au chuma linalomwagiwa zege), na hayo ya ziada yakija kukauka yanaacha nafasi zake tupu. Kila jagi la maji ni vishimo unavinunua. Ile lita moja na nusu ilikua inaonekana pale kwenye kiganja changu, na kama tungeandika 26 ningekua nimeandika kwamba sijaona nilichokiona.

Tukaandika 19. Tukaandika na jagi. Gredi ilikua ya kati, ila mwalimu aliandika pembeni ya ripoti kwamba rudieni kwa viwango vinne vya maji mchore grafu, haikua lazima, ilikua ni muda wetu wenyewe. Wakaja watatu kati ya watano. Tukachanganya kwa maji nusu ya uzito wa saruji, kisha 0.55, kisha 0.6, kisha 0.7, tukasubiri siku 28 nyingine, na zile nukta nne zikajipanga zinashuka kama ngazi. Baadae nikasoma kwamba Mmarekani mmoja, Duff Abrams, alishalionyesha hilo mwaka 1918, kwamba uwiano wa maji na saruji ndo unaoamua nguvu. Nilijisikia vizuri ajabu, jambo lenye miaka zaidi ya 100 lilikua limetoka kwenye koleo letu.

Kuna somo lingine halikuanzia mkononi mwangu ila nalibeba kila siku. Tulifundishwa kuhusu hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, tarehe 17 Julai 1981. Ndani ya ukumbi kulikua na njia za kupita watu zilizoning'inizwa juu, moja ghorofa ya nne na nyingine chini yake ghorofa ya pili. Mchoro wa kwanza ulikua na fimbo ndefu za chuma kutoka kwenye paa zinashuka moja kwa moja kupitia njia ya juu mpaka ya chini. Ikabadilishwa, kila fimbo ikawa mbili fupi, moja kutoka paa hadi njia ya juu, nyingine inaanzia kwenye njia ya juu inaenda ya chini. Ukiangalia harakaharaka unaona ni kitu kile kile. Sasa fikiria watu wawili wamening'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kwa mikono yake, mikono ya kila mtu inabeba uzito wa mtu mmoja. Alafu yule wa chini aiache kamba ashike miguu ya yule wa juu. Kamba haijaongezewa kitu, lakini mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndo kilichotokea kwenye nati iliyoishikilia njia ya ghorofa ya nne kwenye fimbo, mzigo uliongezeka mara mbili, na hata ule mchoro wa mwanzo haukua umefikia kanuni za ujenzi za pale. Walikufa watu 114. Mwalimu alipomaliza darasa lilikaa kimya, mi nilirudi chumbani nikachora vile vitu viwili pembeni kwa pembeni, mchoro peke yake, mishale yake, nilivyofundishwa. Inachukua dakika tano kuchora. Dakika tano!

Kwahiyo nilipoenda fildi baada ya mwaka wa pili nilikua na hofu ambayo naiona ni nzuri. Nilipelekwa saiti ya jengo la ghorofa tatu. Siku moja tunamwaga slabu ya balkoni, ile inayochomoza nje bila nguzo mbele. Slabu ya kawaida iliyolala juu ya kuta mbili inavutwa upande wa chini, kwahiyo nondo za kazi zinakaa chini. Balkoni ni kinyume, inataka kuinama mbele kwahiyo ngozi yake ya juu ndo inavutwa, na zege likivutwa ni dhaifu, kama moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kubanwa, ndo maana nondo lazima ziwe juu. Na zilikua zimefungwa juu, vizuri kabisa, mchoro ulifuatwa. Lakini vijana wa toroli walikua wanapita juu yake, na kila wakipita zile nondo zinashuka. Nikatoa tepu nikapima, slabu ni milimita 150, nondo zilizotakiwa ziwe kama 120 toka chini zilikua zimefika 60, na zege linakuja.

Moyo ulinienda mbio, mimi mwanafunzi nina wiki tatu pale, fundi mkuu ana miaka mingi kuliko umri wangu. Nikamfuata nikamwambia baba samahani, nondo za balkoni zimeshuka. Akasema mwanangu zege limeshachanganywa, zile nondo zipo ndani hazijatoroka. Sikua na maneno ya kumjibu. Nikaokota kipande cha sponji kilichokua pale kwenye maboksi, kirefu kama kiganja, nikakikata juu kidogo kwa wembe na chini kidogo, nikashika mwisho mmoja kikachomoza kama balkoni, nikamwambia baba bonyeza hapo mbele. Akabonyeza kwa kidole. Mkato wa juu ukafunguka kama mdomo, wa chini ukajifunga. Akabonyeza tena. Akakaa kimya, akageuka akapiga filimbi, toroli zikasimama.

Tulitumia kama nusu saa kunyanyua nondo, kuweka vyuma vya kuzishikilia kwa chini na kutandaza mbao za kupitia toroli. Yule baba kuanzia siku ile akawa mwalimu wangu, alinifundisha kufunga nondo kwa waya na plaizi mpaka vidole vikaota sugu, kutambua mchanga wenye udongo mwingi kwa kuusugua kiganjani, kusikiliza fomu kwa kuigonga nyundo ujue zege limejaa. Vitu vingi vya hivi hakuna desa lenye navyo. Na ile sponji aliiweka mfukoni, nikamkuta siku nyingine anawaonyesha vijana wapya.

Basi niseme na vitu nivipendavyo, maana kujitambulisha bila hivyo ni nusu. Napenda pensili kuliko kompyuta, sio kwamba siziamini programu, nazitumia kila wiki na zinafanya kwa dakika kazi ya siku tatu, ila kabla sijabonyeza kitufe lazima niwe na namba yangu ya mkono hata ya kukadiria, ili jibu likija nijue kama ni la ajabu. Napenda karatasi za miraba. Rula ya plastiki naibeba kila mahali, mtu akiniuliza kwa nini bimu zinasimama wima badala ya kulala namwambia ipinde hii ikiwa imelala, rahisi, sasa igeuze isimame kwa ubavu uipinde, haitaki. Kama upana wake ni milimita 30 na unene ni 3, ikisimama ni ngumu mara 100 kuliko ikilala, plastiki ni ile ile. Hiyo mara 100 bado inanipa raha kila nikiitamka.

Napenda madaraja ya upinde, mawe yamebanana kiasi kwamba kila moja linamzuia mwenzake asianguke. Napenda kuba la Pantheon kule Roma, zaidi ya mita 43 kutoka ukingo hadi ukingo, zege lisilo na nondo hata moja, limesimama karibu miaka 1,900, na juu wamelifanya jembamba na wakatumia mawe mepesi kwa sababu walijua mzigo unaenda wapi. Napenda kwamba hati miliki ya kwanza ya Joseph Monier wa Ufaransa kuhusu zege lenye chuma, mwaka 1867, ilikua ya vyungu vya bustani, alikua mtunza bustani.

Na nampenda Emily Roebling. Mume wake Washington alikua injinia mkuu wa daraja la Brooklyn, New York, akaumwa vibaya kwa sababu ya kufanya kazi ndani ya masanduku makubwa ya hewa iliyoshindiliwa chini ya mto, akawa hawezi kwenda saiti. Emily akajifunza, nguvu za vyuma, hesabu za kebo, akawa anapeleka maelekezo na kurudisha maswali kwa zaidi ya miaka kumi mpaka daraja likafunguliwa mwaka 1883. Hakua na digrii ya uinjinia. Siku ambazo nimekaa mezani naona namba hazinipendi namkumbuka yeye akiwa na daftari lake njiani, kati ya kitanda cha mgonjwa na mto.

Sasa hivi nafanya mradi wangu wa mwisho wa mwaka, kuhusu zege linalomwagiwa maji kwa siku chache tu baada ya kumwagwa na lile linalotunzwa vizuri wiki nzima, nataka kuona tofauti kwa macho yangu na kwa sindano ya mashine. Mzee wa maabara amenipa kona ya tangi, ananiita "mwenye jagi" na mimi naitika shikamoo mzee. Nina kyubu 18. Kila moja nimeiandika namba kwa rangi nyekundu, tarehe, saa niliyoimwaga, na maji niliyopima, yote. Keshokutwa asubuhi tatu za kwanza zinafika siku ya 28, nimeshaomba funguo ya maabara nifungue mapema, nizifute kwa kitambaa moja moja, nizipime uzito, alafu niwashe mashine.